Namba za Bwana Mita

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Bahasha yako ilifika Jumatatu na kadi zote za kina cha mto zimo. Moja ina doa la chai lililofunika asubuhi ya tarehe ishirini na sita. Nimeiinua dirishani nikaona mita moja na sentimita kumi na mbili. Niambie kama nimekosea.

Simu yako haipatikani tena, na kuna jambo ambalo nisingependa ulisikie kwa dereva wa posta, ndiyo maana naandika. Mkuu wa kitengo amenipa mto wako. Yaani kuanzia wiki hii mimi ndiye ninayeshughulika na kile kipima mitetemo tulichokizika nyuma ya nyumba yako mwezi wa sita, kile unachokiita Pipa.

Kilinunuliwa kwa ajili ya matetemeko ya ardhi. Miaka yote mto ulikuwa unatuchafulia mistari kinayochora, na kazi yetu ilikuwa kuchuja makelele yake na kuyatupa. Sasa tunayataka hayo hayo makelele. Maji yanapopita yanaisugua ardhi, yanabingirisha mawe, na ardhi inatetemeka, kidogo kiasi kwamba mguu hauwezi kujua, lakini Pipa linajua. Maji yakiongezeka, mtetemo unaongezeka. Shida ni kwamba Pipa halijui mita. Lazima lifundishwe kwamba mtetemo huu maana yake maji yamefika hapa, na mtetemo ule maana yake yamefika pale. Mwalimu wake ni wewe. Kadi zako za asubuhi na jioni ndizo ninazoziweka kando ya mistari yake, siku kwa siku.

Mwisho wa mwezi wa tatu natakiwa kutoa namba moja. Mtetemo ukifika hapo, king'ora kitalia mtaa wa chini, na watu watakuwa na saa tatu za kuondoka kabla maji yaliyopita kwako hayajafika kwao. Unajua ni nani anakaa mtaa wa chini. Mdogo wangu ameshapanga vyombo vyake vyote juu ya kabati tangu mwezi wa kumi na moja, na anaishi hivyo, anapanda kiti kuchukua sufuria.

Baada ya mvua kubwa ofisi haitahitaji tena msomaji wa ubao wa kipimo. Nimeambiwa nikuandae. Sijui mtu anaandaliwaje, Mjomba. Nimechoka, wala siumwi. Natazama mistari kutwa, na nikifumba macho bado inapita.

Mpwa wako


12 Februari

Mwanangu, Bibi Mkaguzi,

Marahaba. Ni mita moja na kumi na mbili, hukukosea. Na hilo doa si chai, ni dawa ya kikohozi. Usiinuse.

Kwa hiyo Pipa limekuja kunirithi nikiwa hai. Sawa. Mwambie Mkuu wako Pipa haliombi likizo, lakini pia halisalimii watu. Nimepita karibu nalo tangu mwezi wa sita, halijaniuliza hata habari za asubuhi.

Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga alitaka kujua kama linasikia anavyogombana na mkewe. Nikamwambia linasikia, tena linapeleka mjini. Tangu siku hiyo wanagombana kwa kunong'ona, na mimi nimepata amani ambayo sikuipata kwa miaka ishirini. Hapo nalishukuru.

Usinihurumie. Nimeshuka ule mteremko wa kwenda kwenye ubao mtoni mara mbili kwa siku, miaka thelathini na moja. Piga hesabu wewe msomi, mimi nikianza naishia kupata kizunguzungu. Watu huku wamesahau jina langu, wananiita Bwana Mita tu, hata mgambo akiandika taarifa anaandika hivyo. Nataka nimalize mvua hizi, kisha Pipa lichukue. Mtu amalize mwenyewe, asimalizwe.

Mimi mzima. Goti tu linajifanya mzee kuliko mimi.

Kadi za wiki mbili zimo. Mwambie mdogo wako ashushe sufuria, ataanguka kwenye kiti kabla mto haujamfikia.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ngoja nikupe habari njema kabla sijalala juu ya meza.

Tuna vituo saba. Kwenye vituo sita, nikiweka namba za msomaji kando ya mitetemo, zinatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Leo msomaji kazidisha sentimita nne, kesho kapunguza sita, keshokutwa kaandika namba ya jana. Zako, Mjomba, zinakaa kwenye mstari kama shanga kwenye uzi. Hasa tangu mwezi wa nane. Nilimwita Mkuu aje aone. Alivua miwani, akaivaa, akasema, "Huyu mzee si msomaji, ni saa." Halafu akawaita wengine, na mimi nikasimama pale nikiona haya kana kwamba ni mimi niliyesifiwa.

Ameamua namba ya king'ora itolewe kwa kadi zako peke yake. Hizo nyingine zitasubiri.

Na tarehe kumi na nne mwezi wa nne wasomaji wote wanaitwa mjini kuagwa. Wewe ndiye utakayetajwa wa kwanza. Mkuu ameniambia niandike maneno yake, na nimeandika mara tatu nikachana mara tatu, kwa sababu kila nikiandika inakuwa kama maneno ya msibani. Njoo. Utalala kwangu, kitanda nitakupa, mimi nitatandika chini.

Marehemu mama alikuwa akisema kaka yake hajawahi kumwambia mtu uongo isipokuwa kuhusu umri wake. Nilikumbuka hilo leo nikicheka peke yangu ofisini.

Mpwa wako


10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata.

Usinisifu sana. Na hao wasomaji sita usiwadharau. Mtu anashuka mtoni asubuhi na usingizi wake, mawimbi yanapiga ubao, anakosea sentimita tatu, nne. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Mimi mwenyewe zamani nilikuwa nakosea hivyo hivyo.

Kwani ni lazima wachukue za kwangu peke yake? Changanya na za wengine. Wewe ndiye mwenye kalamu.

Kuhusu tarehe kumi na nne, sidhani. Safari ni ndefu, na nikiondoka nani ataandika kadi? Hati ya shukrani wanaweza kuitia kwenye bahasha.

Hapa wamefungua machimbo ya kokoto ng'ambo ya mto. Wameleta mashine ya kusaga mawe, leo wanaifunga. Jirani yangu anasema sasa mashine yake imepata mke mwenza.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi, kwa hiyo nitaandika bila kuzunguka.

Tarehe kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu hakukunyesha popote. Maji kwenye ubao wa darajani hapa mjini hayakupanda hata kidole. Lakini Pipa lilitetemeka siku zote tatu, na nilijua ni kwa nini, wewe mwenyewe uliniambia: mashine ya kokoto. Nikaandika pembeni, "si maji." Halafu ikaja bahasha yako. Siku hizo hizo tatu kadi zako zimepanda sentimita thelathini. Tarehe kumi na nne mashine ikasimama, na kadi zako zikashuka.

Ubao hausikii kelele, Mjomba. Na mtu anayeutazama ubao kwa macho hawezi kudanganywa na mashine iliyo ng'ambo. Aliyedanganywa alikuwa anasikiliza.

Nikarudi nyuma mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Siku ile maji yalipogusa ukuta wa soko hapa mjini, kadi yako inasema mita mbili na sentimita sitini. Kwa maji yale ilipaswa kuwa karibu mita nne. Nilikuwa nimeiona namba hiyo mara nyingi, nikasema ukuta wa soko umejengwa chini sana. Nililaumu ukuta.

Sasa naelewa kwa nini shanga zimekaa kwenye uzi. Nimelifundisha Pipa kwa mtu anayesikiliza kile kile kinachosikilizwa na Pipa. Kama wanafunzi wawili walionakiliana, na mimi mwalimu nikawapa wote mia kwa mia.

Ulishuka? Tangu lini hujashuka? Nijibu mimi, usiijibu ofisi. Tarehe thelathini na moja natoa namba, na Mkuu hataki kusikia neno kusubiri bila ushahidi. Nikimwambia ninachoshuku, nimekutaja. Na labda nimekosea. Naomba niwe nimekosea.

Mpwa wako


27 Machi

Mwanangu,

Hujakosea.

Nilianguka tarehe nne mwezi wa nane, kwenye ile sehemu ya mteremko yenye utelezi, nikiwa narudi. Nilitambaa mpaka nyumbani. Jirani alinikanda goti kwa maji ya moto, nikamwapisha asiseme. Nilijua ofisi ikisikia itanitoa siku hiyo hiyo, na Pipa lilikuwa limeshazikwa, linasubiri tu.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, na kadi mkononi. Nikasema nitaiacha wazi. Halafu nikausikia mto. Nakwambia ukweli, nilijua umefika wapi. Miaka thelathini na moja nimeshuka nikiusikiliza kabla sijauona, na kila mara nikifika kwenye ubao nilikuwa nimeshakisia. Nikaandika. Nikamtuma jirani aangalie, bila kumwambia kwa nini. Nilikuwa nimekosea sentimita moja. Siku ya pili, moja. Siku ya tatu sikumtuma.

Maji yakiwa madogo, kila jiwe lina sauti yake. Lile jiwe la katikati likizama, sauti nyembamba inapotea, hapo ni mita moja na nusu. Naweza kukuorodheshea yote. Lakini maji makubwa, mwanangu, miaka yote niliyaona kwa macho, sikuwahi kuyasikiliza kutoka mbali. Mwezi wa kumi na moja niliketi pale nikasikia mto umetulia, nikasema umepungua. Sasa umenifumbua macho. Mawe yote yalikuwa yamezama. Kelele ya juu ilikwisha, kazi ilikuwa inafanyika chini.

Na ile mashine ya kokoto nilijua imekuja. Nilidhani naweza kuitenga na maji. Kumbe siwezi.

Uliponiandikia habari za shanga na uzi ndipo ilikuwa siku ya kusema. Ulikuwa umefurahi. Mtu mzima mimi, nikaona haya.

Barua yako ilikaa mezani siku mbili kabla sijashika kalamu. Karatasi ya pili humu ni ya Mkuu, nimeandika kila kitu, nimetia sahihi. Mpe siku hiyo hiyo utakayoipata. Hiyo namba kama mmeshaitoa, msiiamini. King'ora kitachelewa, na kuna watoto kule.

Mjomba wako


13 Aprili

Mwanangu,

Naandika bila kungoja jibu lako. Dereva wa posta amenipa habari, lakini dereva yule huongeza chumvi, kwa hiyo niambie wewe. Mdogo wako yuko wapi? Watoto wote wamehesabiwa?

Amesema king'ora kililia dakika ishirini tu kabla ya maji, na kwamba kisingelia kabisa kama mlinzi wa daraja asingekimbia kupiga simu. Amesema fundi saa, yule mwenye kibanda kwenye kona ya nyumba ya mdogo wako, alirudi ndani kuchukua saa za watu, na wamempata siku ya pili. Niambie kama ni kweli.

Mimi siku ile nilikuwa kwenye benchi. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Mto ulivuma, ukavuma, kisha ukanyamaza. Safari hii nilijua maana yake. Nilimpigia kelele jirani akimbie barabarani akatafute simu, akaipata kwa watu wa machimbo, akapiga ofisi, hakuna aliyepokea. Nilijikokota mpaka ukingo wa mteremko. Ubao ulikuwa umemezwa wote, mpaka mita nne.

Naambiwa barua za kwetu zimekuwa zikichelewa. Laiti ningejibu siku ile ile niliyoipata yako. Siku mbili nilizokaa na barua mezani, nazihesabu kila asubuhi. Kama bahasha ingetangulia siku mbili tu.

Vijana wa vipimo walikuja tarehe kumi, wakakaa siku tatu wakisoma maji yanavyoshuka kwa fimbo ndefu za kwao, kila saa. Mimi nikaketi kwenye benchi, na kila saa nikaandika yangu kwa sikio. Kadi imo humu, nimeandika juu yake "kwa sikio" kwa herufi kubwa. Ilinganishe na ya kwao. Nataka kujua jambo moja tu: ni wapi sikio lilipoachana na maji. Usinifiche.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Mdogo wangu na watoto wako kwangu, wote watatu wazima. Aliwabeba kwa zamu mpaka ghorofa ya shule. Nyumba imebaki kuta. Habari ya fundi saa ni kweli. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Mkewe amerudisha saa zote tisa kwa wenyewe, zimejaa tope, na watu wanazipokea hivyo hivyo.

Nimelinganisha kadi yako na ya vijana. Mpaka mita mbili na sentimita arobaini, sikio lako na ubao ni kitu kimoja. Kuanzia hapo mnaachana, na maji yakifika mita nne na nusu, wewe unasikia mbili na themanini. Niliiweka namba ya king'ora kwenye mita tatu za kadi zako. Kwa hesabu hiyo, king'ora kingelia labda maji yakiwa mita tano.

Sasa nisikilize, na usinikatishe kama unavyofanya.

Barua hazikuchelewa. Bahasha yako ilifika tarehe mbili. Mafuriko yalikuja tarehe tisa. Niliifungua mwenyewe, mimi ndiye ninayefungua bahasha za mto wako. Niliisoma nimesimama. Karatasi ya Mkuu niliikunja nikaiweka kwenye droo, chini ya kadi, nikafunga kwa ufunguo.

Nilijiambia mvua kubwa bado wiki mbili. Nilijiambia tarehe kumi na nne iko karibu, watu wasimame, jina lako litajwe mara moja tu, wapige makofi, na kesho yake asubuhi nitaifungua droo. Nilikuwa nimeshamaliza kuandika maneno ya Mkuu. Safari hii hayakuwa kama ya msibani, yalikuwa mazuri. Kila siku nilikwenda kazini, nikakaa mbele ya ile droo, nikatazama mistari. Siku saba. Ningeweza hata kuishusha namba kimya kimya bila kukutaja. Nilifikiria. Nikaona Mkuu ataniuliza sababu, nami sijui kusema uongo mbele ya mtu, najua kunyamaza tu.

Siku ile saa nne asubuhi, jirani yako alipopiga, simu ililia kwenye chumba changu. Nilikuwa bafuni nikinawa uso kwa sababu usingizi ulikuwa umenizidi. Niliisikia ikilia.

Kwa hiyo usihesabu siku zako mbili. Zangu ni saba.

Leo asubuhi nimempelekea Mkuu karatasi yako na ya kwangu, pamoja. Alisoma yako kwanza. Akatazama tarehe ya muhuri wa posta, kisha akanitazama mimi, akasema, "Nenda nyumbani." Sijui kama ni kwa leo au kwa siku zote. Namba mpya wameitoa tangu jana, kwa vipimo vya vijana. Hiyo iko sawa, nimeikagua mara mbili kabla sijaondoka.

Mpwa wako


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako siku ilipofika. Nilitaka nikuandikie kwamba si kosa lako. Nimejaribu karatasi mbili. Haiandikiki, kwa sababu si kweli, na wewe ungejua ninakufariji tu.

Ni letu. Nilificha goti ili nisiagwe kabla ya wakati. Wewe ukaficha barua ili niagwe kwa heshima. Fundi saa hakuagwa na mtu.

Hapa ofisi imemleta binti mmoja wa kusoma ubao mpaka mvua ziishe, kwa macho, kama zamani. Ana pumzi, anashuka na kupanda bila kushika kitu. Sijamwonyesha chochote isipokuwa ile sehemu ya utelezi.

Hujalala vizuri kwa muda mrefu, najua, mimi pia. Tutalala baadaye. Tarehe tano lori la machimbo linakuja mjini, dereva amekubali nikae mbele ninyooshe mguu. Sitafikia kwako. Nipokee pale kwenye kona ya kibanda, tumpigie hodi mkewe fundi saa. Mimi nitazungumza kwanza, kisha wewe. Usiniongezee wala usinipunguzie, na mimi sitafanya hivyo kwako. Akitufukuza, tutatoka. Akituuliza, tutakaa mpaka amalize.

Mjomba wako